Maswali na Majibu: Uzito Mwacheni Apumzike

Gololi ya chuma na ya kioo zikiachiliwa pamoja mteremkoni, ipi hufika kwanza?

Zinafika pamoja. Kila anayeniuliza hili ana gololi mbili mezani na hajazijaribu. Ya chuma huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini ndiyo kaidi zaidi kuanza mwendo. Faida ya huku inaliwa kule.

Basi mbona pete ya chuma imeachwa nyuma na gololi, na nimezipima zina uzito sawa?

Huyu amejaribu kwanza, akauliza baadaye. Ahsante.

Usiulize uzito ni kiasi gani, uliza umekaa wapi. Kitu kinachoviringika hulipa mara mbili: kusogea mbele na kuzunguka. Pete imebeba uzito wake wote ukingoni, kwa hiyo nusu nzima ya nishati inaishia kuizungusha. Gololi, ambayo uzito wake umeenea kuanzia kitovuni hadi ukingoni, hutoa 2/7 tu. Ukichukua mchapuko (jinsi kasi inavyoongezeka) wa kitu kinachoteleza bila msuguano kuwa 1, gololi inapata 5/7, mche duara uliojaa 2/3, mpira mtupu wenye ganda jembamba 3/5, pete 1/2. Tafuta ubao wa mita moja: gololi ikigusa mwisho, pete iko kwenye sentimita 70. Inua ubao kidogo, rudia. Bado 70, na ukubwa wa pete haukuhusu, mradi ni nyembamba.

Nikipaka mafuta ubao ili kuondoa msuguano, gololi itaviringika kasi zaidi?

Haitaviringika. Itateleza tu, kama sabuni. Msuguano ndio unaoizungusha, na maskini husingiziwa kuwa "unakula nishati" hata mahali usipokula: gololi isipoteleza, sehemu yake inayogusa ubao imetulia kwa nukta hiyo, hakuna kinachosuguliwa. Ubao ukisimama mno msuguano huzidiwa, na pete huanza kuteleza mapema kuliko gololi.

Makopo mawili sawa, moja la maji, jingine maji hayohayo yamegandishwa. La maji limeshinda!

Lilistahili. Kopo linazunguka, maji ndani yanabebwa kama abiria, hayazunguki nalo ila kidogo. Barafu imeshikana na kopo, nayo lazima izunguke. Tena msijaze pomoni kabla ya kugandisha: barafu hutanuka, na kopo lililopasuka haliviringiki popote.

Si Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aligundua haya kwa kuangusha vitu kutoka mnara wa Pisa?

Kisa cha mnara ushahidi wake ni mwembamba. Katika kitabu chake cha 1638 ameeleza mpira wa bronzi kwenye mfereji uliochongwa katika boriti, muda akiupima kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika. Katika vipindi sawa umbali ulikwenda 1, 3, 5, 7. Ile 2/7 ya kuzunguka hakuihesabu, na haikumharibia, kwa kuwa hukatwa kwa uwiano uleule mwanzo hadi mwisho.

Nikiweka gari nyutro mteremkoni, si naokoa mafuta?

Usithubutu. Injini haishikilii tena magurudumu, breki zinabeba kazi yote, zinapata moto na kulegea. Injini nyingi za siku hizi hukata mafuta zenyewe ukiachia mguu gari likiwa kwenye gia.

Kati ya gololi kubwa na ndogo, ipi…

Rudi juu, swali la kwanza.