Pioni moja ya zaidi na bado sare? Ni kawaida

Ndugu, unauliza namna gani ulikosa kushinda kwenye mchezo wa chess (sataranji) na pioni (kete ndogo) ya zaidi, kila mtu amebaki na ngome moja. Philidor, Mufaransa mucheza chess wa zamani, alishaonyeshaga hiyo sare tangu 1777! Mwenzako mfalme wake kwenye kisanduku e8 (herufi ni safu, namba ni laini, unahesabu toka upande wako), ngome inatembeatembea tu laini ya 6, we mfalme wako d5 hauwezi kupanda, ukachoka ukasukuma pioni e6, papo hapo akashusha ngome a1 akaanza kukupiga esheki (kushambulia mfalme wako) toka nyuma, na pa kujificha hakuna, sababu pioni yenyewe ndiyo inakalia e6. Alicheza muzuri, tumupe yake. Siku ingine pandisha mfalme laini ya 6 wakati ngome yake haijafika pale, hapo atatoka jasho kidogo.