Kiraka cha kizingiti cha Probox kimefumuka baada ya miezi minane: kilikosewa wapi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina Toyota Probox, nachukulia samaki kutoka diko hapa Wete kupeleka Chake Chake. Mwaka jana kizingiti cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilitoboka kwa kutu pamoja na tao la tairi. Fundi wa mageti alikata palipooza, akaweka bati, akachomelea, akapiga puti na rangi. Kazi ilipendeza, lakini haikutimia miezi minane rangi ikaanza kuvimba vipovu kufuata mshono, na sasa bisibisi inazama. Fundi mwengine ananambia nisichome tena, nipake fiberi yaishe. Nifuate lipi? Na kama ni kuchoma, ichomwe vipi? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Fiberi usiweke. Probox haina chasisi ya kujitegemea kama lori; bodi yenyewe ndiyo chasisi, na kizingiti ni mmoja wa mihimili inayoizuia gari isipinde katikati. Fiberi itaziba tundu lakini haitobeba kitu, na kutu iliyobaki nyuma yake itaendelea kula bila ya wewe kuiona. Kata, uchomelee. Ila kwanza tujue kilichokiua kile kiraka, kwa sababu fundi akirudia vilevile na ile miezi minane itarudi vilevile.

Vipovu vinavyofuata mshono maana yake ni kutu inayotoka ndani kuja nje. Kizingiti ni boksi: ngozi ya nje, ukuta wa ndani, na uwazi katikati. Moto wa kuchomelea huunguza rangi na kinga ya kiwandani kwa pande zote mbili za bati. Upande wa nje fundi aliupaka, wa ndani hakuupaka mtu. Pakabaki chuma kitupu ndani ya boksi linaloingia maji ya barafu ya samaki. Chumvi nayo haihitaji kumwagiwa maji ndipo ilowe: unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inaanza kujilowesha yenyewe, na Pemba hewa iko hapo au zaidi siku nyingi za mwaka. Ndiyo maana hata gari ikilala wiki nzima bila mzigo, mle ndani hapakauki.

Jengine ni bati. Kiraka cha zamani kikishakatwa, kipime unene. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 lina kama milimita 0.3 hadi 0.4 tu, ngozi ya gari ni 0.7 hadi 0.8. Kinyume chake, bati la geti la milimita 1.5 ni nene mno: moto unaolitosha unaitoboa ngozi ya gari iliyo pembeni yake, na fundi huanza kuziba matundu aliyoyatoboa mwenyewe. Nunua bati jeusi, lisilo na zinki. Geji 20 (milimita 0.9) kwa tao na ngozi ya nje, geji 18 (milimita 1.2) kwa ukuta wa ndani na pale panapopigwa jeki. Ukikosa jeusi ukapata la zinki, likwanguliwe zinki sentimita 2 au 3 kutoka ukingoni, pande zote mbili. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na chuma huyeyuka karibu na 1500, kwa hiyo zinki inageuka moshi kabla chuma hakijaungana. Mshono unajaa vitundu, na moshi ule ukiuvuta usiku unatetemeka kwa homa.

Sasa mashine. Kazi hii ni ya mashine ya waya yenye gesi. Waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi, mtiririko lita 8 hadi 12 kwa dakika, ampea kati ya 30 na 60. Kaboni dayoksaidi tupu pia inafaa, ila hurusha cheche zaidi na moto wake ni mkali. Zipo pia mashine za waya usiotaka gesi. Kwenye bati jembamba zinasumbua, na nyingi zinasumbua zaidi kwa sababu hazikubadilishwa nyaya: waya usio na gesi, bastola (mshikio unaotoa waya) huwa kwenye hasi; waya wa gesi, bastola kwenye chanya. Ukiona mshono umekaa juu kama kinyesi cha kuku na cheche zimetapakaa kila pahala, angalia hapo kabla ya kuilaumu mashine. Mashine ya fimbo ikiwa ndiyo iliyopo tu, fimbo za milimita 2.5 ziwekwe kando. Zitafutwe za 1.6 au 2.0, fimbo kwenye hasi, na nyuma ya mshono pashikiliwe kipande cha shaba. Bomba kuukuu la friji lililopondwa likawa bapa linatosha. Shaba huchukua moto wala chuma hakigandi juu yake.

Kabla ya kugusa grenda, osha. Siku mbili au tatu mapema pitisha mpira wa maji baridi (ya bomba, si ya kisima cha pwani kilichoingia chumvi) ndani ya kizingiti kupitia tundu lililooza, mpaka maji yatoke meupe kwenye matundu ya chini, kisha gari iachwe juani ikauke. Ukichomelea juu ya chumvi umeifungia ndani.

Siku ya kazi betri itolewe, ncha ya hasi kwanza, na kama gari ina mifuko ya hewa msianze kabla ya sekunde 90 kupita. Viti vya nyuma, zulia na mikanda vitoke. Tangi la petroli lishushwe. Kulifunika gunia la maji hakutoshi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kwenda kuifuata cheche. Mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita karibu yafunguliwe au yasogezwe. Vioo vifunikwe blanketi, maana cheche za grenda huganda kwenye kioo na haziparuliki. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na mtu mmoja abaki na gari nusu saa baada ya kazi, kwani sponji huwaka kimyakimya.

Gari isimamishwe sawa, juu ya magurudumu yake au stendi chini ya eksili, isiwe jeki moja upande mmoja. Pima nafasi ya mlango juu, katikati na chini, uandike kwa chaki. Halafu chomelea kwa muda pau ya pembe ya milimita 25 kuvuka uwazi wa mlango, nguzo hadi nguzo. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kizingiti kikikatwa bila pau, bodi inashuka milimita chache, kiraka kinachomelewa kwenye hali hiyo, na mlango haufungi tena maisha. Na ukate upande mmoja tu. Wa pili hata kama umeoza usubiri huu umalizike.

Kukata: gonga kwa ncha ya bisibisi kutoka palipooza kwenda palipo pazima, ukipata bati linalolia kavu na lililong'aa baada ya brashi ya waya, ongeza sentimita 3 ndipo uweke mstari. Jiwe la kukatia la milimita 1. Kona zikatwe mviringo. Kona ya pembe mraba hukusanya moto na ndipo mpasuko unapoanzia. Kata ngozi ya nje peke yake kwanza, uchungulie ndani. Ukuta wa ndani ukiwa umeoza nao utengenezwe mwanzo, kwa bati la geji 18, kisha ndipo ngozi. Kwenye ukingo wa chini ambapo mabati yamebanwa pamoja kiwandani, usikate. Toboa zile doti za kiwandani (vidoa vya mviringo vilivyounganishia mabati) kwa drili ya milimita 8, tabaka la juu tu, mabati yataachana. Kuoza kukifika pale mkono wa eksili ya nyuma unapofungwa kwenye bodi, simamisha kazi: hapo si pa kiraka, pana haja ya kipande kizima kutoka gari nyengine kikatwe na kufungwa kwenye mishono yake ya asili.

Kiraka kipimwe kwa kadibodi kwanza. Kwenye ngozi na tao kikae uso kwa uso na bati la gari, pengo kama milimita 1 kuzunguka. Mafundi wengi wanapenda kulaza bati juu ya bati kwa sababu ni rahisi, lakini kati ya mabati mawili yaliyolaliana maji hujivuta yenyewe, na kwa gari ya samaki hiyo ni hukumu. Kulaliana kubaki ukingo wa chini pekee: toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 3 au 4 kwenye bati la juu, paka praima ya zinki inayokubali kuchomelewa baina ya mabati, bana kwa playa za kubania, kisha jaza kila tundu kuanzia katikati kwenda nje.

Jaribu mashine kwenye masalio ya bati lilelile. Sauti iwe mfululizo kama changu kwenye mafuta ya moto. Ikipasuka na kukatika, waya unakwenda kasi kuliko moto. Geuza utazame nyuma: uonekane mstari mwembamba wa chuma kilichopenya. Usipoonekana, mshono umekaa juu juu na utaondoka wote ukisagwa. Klampu ya athi iwe kwenye bati tupu, karibu na mshono. Msimu wa kusi chomea nyuma ya ukuta au pazia, upepo huondoa gesi na mshono unatoka na vitundu kama mkate wa kumimina.

Shikiza doti moja kila sentimita 2 au 3, ukiruka upande hadi upande. Kisha doti katikati ya doti, mpaka zikutane. Mstari mrefu wa mfululizo hapana, bati litajikunja na hapo ndipo puti ya sentimita nzima inapoanzia. Subiri pakugusike kwa mkono ndipo uendelee; kizingiti na tao kwa mwendo huu vinaweza kuchukua siku nzima, na fundi anayemaliza kwa saa mbili amechoma mfululizo. Saga kwa jiwe la msasa namba 60 au 80 usawa wa bati, usizidi. Giza likiingia washa tochi nyuma ya tao: kila nukta ya mwangaza ni tundu, lichomewe. Puti haizibi tundu, inakunywa maji.

Rangi ya kwanza ipigwe siku ileile, kwa sababu chuma kilichosagwa hapa kikilala usiku mmoja kinaamka chekundu. Futa kwa thina, praima ya epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa, silanti (gundi ya kuzibia) juu ya kila mshono, halafu puti isiyozidi milimita 3, andakoti na rangi. Chini ya gari usipake lami juu ya kutu. Lami hupasuka na kuyaficha maji.

Sasa mle ndani, palipokiua kiraka cha kwanza. Rangi ikishakauka, ingiza mpira mwembamba wenye pua inayorusha pande zote kupitia matundu ya kizingiti, upulize nta ya kukingia kutu, kama nusu lita kwa upande mmoja, ukiuvuta mpira polepole mpaka nta ichuruzike chini. Oili chafu ya injini wengi wanaitumia. Huoshwa na maji, huvimbisha mipira na hudondokea breki. Kisha pitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji. Mara nyingi fundi huyachomelea pamoja na kiraka, na kizingiti kinakuwa mtungi. Nta irudiwe kila mwaka masika yakimalizika.

Samaki wakae kwenye beseni refu la plastiki lisilovuja, lenye mpira wa kutolea maji nje kupitia mlango wa nyuma, si juu ya sakafu. Jioni sakafu imwagiwe maji baridi, zulia lisirudishwe.

Malipo yagawe matatu na fundi akubali mwanzo: ya kwanza ya bati na gesi, ya pili ukishauona mshono mtupu kabla ya praima, ya mwisho siku utakapoiona nta inachuruzika kwenye matundu ya chini.