Karakana chini, nyumba juu: je, kuongeza unene wa sakafu kunatosha?

SWALI: Mimi ni msanifu majengo. Mteja wangu ana kiwanja chembamba katikati ya mji na anataka jengo la ghorofa nane: maduka, karakana za cherehani na useremala, tanuri la mikate, kisha nyumba za kupanga juu. Mhandisi anasema tuongeze unene wa sakafu za karakana, basi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu, ingawa mhandisi ameanzia mahali sahihi. Sakafu ya nyumba hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ya karakana nyepesi huanzia kama 500, na ya stoo hufika 750 au zaidi. Mara nyingi kinacholemea sakafu si mashine bali ni stoo. Panga magunia ya unga mpaka usawa wa kifua: tayari una kilo 700 hivi kwa kila mita ya mraba, na hujaweka hata meza. Kwa hiyo muulize mteja malighafi italala wapi kabla hujamuuliza mashine ni ngapi.

Uzito hutibiwa kwa zege na nondo. Mtetemo ndio unaosumbua. Chukua feni kubwa ya kunyonya vumbi la mbao, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mitikisiko 25 kwa sekunde. Ukiikalisha juu ya springi, mtikisiko wa asili wa feni na springi zake, yaani mara ambazo zingejitikisa zenyewe ukizisukuma na kuziacha, uwe chini sana ya hapo, tuseme 8 kwa sekunde. Ukikaribia 25, springi zitakuza mtetemo badala ya kuuzima. Ili upate 8, springi zinapaswa kubonyea milimita 4 hivi kwa uzito wa feni peke yake. Sasa, kama sakafu katikati ya nguzo nayo inabonyea milimita 2 au 3 kwa uzito huohuo, imegeuka springi ya pili, na hesabu yako yote imeharibika. Mpangaji wa juu atasikia mvumo kwenye mto wake hata kama madirisha yamefungwa, kwa sababu sauti hiyo haipiti hewani. Inapanda kwenye nguzo.

Kwa hiyo mimi ningeshusha useremala na tanuri hadi chini kabisa, nyuma ya maduka, sakafu ikiwa imekaa juu ya ardhi. Cherehani ziende ghorofa mbili zinazofuata, zile nzito zikae karibu na nguzo. Kisha ningeacha ghorofa moja ya ofisi kati ya karakana na nyumba. Mteja atalalamika kwamba unampotezea ghorofa. Mwambie bado inapangishwa.

Moto sina mengi: ngazi za wakazi zisikutane na za karakana, na sakafu inayotenganisha karakana na ghorofa za juu yake istahimili moto kwa muda unaotakiwa na kanuni zenu, mara nyingi saa 2. Kupulizia vanishi chini ya vyumba vya kulala ningekataa kabisa.

Njia ya mizigo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Jengo la Starrett-Lehigh la New York, la mwaka 1931, lilikuwa na lifti za kupandisha malori hadi kwenye ghorofa zenyewe. Kwenye kiwanda cha Fiat cha Lingotto, Torino, kilichofunguliwa 1923, malighafi iliingia chini na gari likamalizikia juu ya paa, kwenye barabara ya majaribio. Wewe huhitaji makuu hayo, ila jifunze kwao kuchora safari ya mzigo kwanza, kuta baadaye. Ubao wa plaiwudi una mita 1.22 kwa 2.44. Uchore ukiwa mikononi mwa watu wawili, kutoka kwenye lori hadi kwenye meza ya msumeno, na upime kila kona. Fanya hivyo kwa majora ya kitambaa pia, maana hayo yatapanda lifti kila siku.

Bomba la moshi wa tanuri nalo litengewe njia yake hadi juu ya paa sasa hivi, kabla nyumba hazijagawanywa vyumba.

Kisha rudi kwa mhandisi na uzito wa ile feni na mahali itakapokaa. Mwombe akuambie sakafu itabonyea milimita ngapi hapo. Akikujibu kwa unene wa zege, muulize tena.