Muulize Shangazi: Zamu ya Dakika Nane

Mwezi huu barua zimegongana. Tatu zinauliza juu ya kitu kimoja, The Sims 4, ile gemu ya kuwalea watu wadogo kwenye skrini, na hasa kifurushi chake cha nyongeza cha mambo ya kazi kiitwacho Get to Work. Naona mmepata habari kwamba Shangazi wenu naye anacheza. Ni kweli. Nilistaafu uuguzi baada ya miaka 31 wodi ya wazazi, mwanangu akaniachia kompyuta mpakato yake ya zamani "ya kusomea magazeti", na mengine mtayasoma humu.

Swali
Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Tanga, nacheza ile Sims ya bure. Mtu wangu ni mpishi. Kila siku anatoka nje, anatoweka, jioni anarudi na hela. Sioni anachokifanya huko. Rafiki yangu anasema ninunue Get to Work, eti nitaingia naye kazini. Nimekuta bei ni dola 39.99, nikakaa chini. Inafaa? Na kazi ipi ndiyo tamu?

Jibu
Marahaba mwanangu. Kukaa chini ulifanya vyema, bei hiyo haisomwi umesimama.

Hilo la mtu kutoweka ni la tangu zamani. Sims ya kwanza kabisa, iliyobuniwa na Will Wright na wenzake wa studio ya Maxis, mwaka 2000, asubuhi gari linakuja kumchukua mtu wako, nawe unabaki kuitazama nyumba tupu kama mama mwenye nyumba. Wachezaji walilalamika miaka. Kwenye The Sims 3 walisikilizwa mwaka 2010, kikatoka kifurushi cha Ambitions: zimamoto anakwenda kuzima moto na wewe upo naye. Sims 4 ilipotoka Septemba 2014 tukarudishwa kulekule kwa kutoweka. Get to Work ndicho kilichokuwa kifurushi kikubwa cha kwanza cha gemu hiyo, mwishoni mwa Machi 2015, na kilileta kazi tatu unazoingia nazo mpaka ndani: udaktari, upelelezi na sayansi. Zote zina ngazi 10. Tahadhari: mpishi wako hayumo. Ukinunua leo, yeye kesho atatoweka vilevile. Lazima umbadilishie kazi.

Mimi nilianza na udaktari, na nilianza kwa nia mbaya. Nilitaka kuucheka. Siku ya kwanza nikaambiwa nipime watu joto na nipeleke chakula vitandani. Nikacheka kweli, lakini kicheko kingine, maana ndivyo nilivyoanza mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, kipimajoto mfukoni na sista wa zamu ananipumulia kisogoni. Hakuna aliyenipa mgonjwa wa kumtibu. Nilisukuma toroli la uji.

Ukishapanda kidogo ndipo unaachiwa wagonjwa. Magonjwa yenyewe ni ya kubuni: yupo ambaye kichwa kimemvimba kama puto, yupo mwenye nyota zinazomzunguka machoni, yupo mwenye mafua ya mnyama llama. Usitafute utabibu humo. Kinachofanana na kazi ni namna ya kufikiri. Unampima joto, unachukua sampuli, unampiga eksirei, na kila kipimo kinapunguza orodha ya magonjwa yanayowezekana. Unaweza kukata shauri mapema yakiwa yamebaki mawili, au uendelee kupima huku saa inakwenda. Dakika moja ya mle ndani ni sekunde moja ya kwako, kwa hiyo zamu ya saa nane inakwisha kwa dakika nane ukiiacha kwa mwendo wake wa kawaida. Nilikuwa na bwana mmoja mwenye madoadoa, muda umebaki kiduchu, nikabahatisha. Sivyo. Alama za kazi zikashuka na bwana akaondoka amenuna. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotegemea, kwa mtu asiyekuwepo.

Utamu wake, mwanangu, unakaa mpaka kama ngazi ya saba. Baada ya hapo ni vitanda vilevile. Na hospitali ile ni safi mno: hakuna benchi la ndugu waliokuja na chai ya chupa, dawa haziishi, wala hakuna anayekuuliza "sista, daktari anafika saa ngapi?" Hayo ndiyo yaliyokuwa nusu ya kazi yangu.

Upelelezi ni wa taratibu. Unapiga picha eneo la tukio, unaokota ushahidi, unahoji mashahidi, halafu unazunguka mjini kumtafuta mtu mwenye nywele za rangi fulani na shati la namna fulani. Mara ya kwanza unasisimka. Mara ya tano unatamani mwizi ajilete. Kitamu ni chumba cha mahojiano tu, pale unapochagua kumbembeleza au kumkaripia. Sayansi ndiyo yenye vichekesho: unabuni bunduki ya miale inayogandisha watu, mashine ya kunakili vitu, mpaka mlango wa kwenda Sixam, sayari ya viumbe wa anga. Kijana wa umri wako aanze na sayansi.

Jambo moja hawalisemi kwenye tangazo. Ukimfuata mtu kazini, waliobaki nyumbani huwaongozi tena mpaka urudi. Mwenye familia kubwa na watoto wadogo atachoka. Kifurushi hiki kinamfaa mtu anayeishi peke yake au na mwenzi mmoja, na hata mimi siku hizi siku nyingine namwambia daktari wangu aende mwenyewe, nibaki nipike.

Kununua: subiri punguzo, vifurushi hivi hushushwa bei mara kwa mara. Na kabla ya hela, tazama nafasi kwenye kompyuta yako. Gemu yenyewe peke yake inataka zaidi ya GB 20, na bando la kuishusha nalo si hela ya karanga. Mimi nilishusha usiku wa manane kwa mwanangu, nikapitiwa na usingizi kitini.

Swali
Shangazi, mimi ni mama wa Kigamboni, binti yangu ana miaka 13. Anacheza daktari kwenye hiyo Sims na anasema atasomea udaktari, nikafurahi. Juzi nikamkuta anatazama mwanamume ana mimba. Nikamuuliza, akaniambia "Mama, alichukuliwa na viumbe wa anga." Nizime hiyo kompyuta?

Jibu
Mwenzangu, pole kwa mshtuko. Binti hakukudanganya. Kifurushi hicho kiliwaleta viumbe wa anga, na usiku wanaweza kumnyanyua mtu na chombo chao. Akiwa mwanamume, huenda akarudi na mimba, na mtoto anazaliwa na damu ya kwao, pengine ngozi ya kijani au bluu. Ni mzaha wa zamani wa gemu hizi. Hakuna kitu cha kuficha watoto hapo, na Ulaya gemu yenyewe imepewa alama ya kuanzia miaka 12. Mimi nisingezima. Ningevuta kiti nikae naye, maana mambo ya mapenzi yamo pia, yamefunikwa shuka na vichekesho, na mtoto wa miaka 13 ana maswali ambayo ni afadhali akuulize wewe.

Kilichonishtua mimi ni kingine kabisa. Daktari wako akishapanda cheo anapewa kuzalisha. Nikajiweka sawa, nikasema sasa tumefika nyumbani kwangu. Kumbe mama analazwa kwenye mashine, na mtoto anatolewa na mashine hiyo kama mtu anayenasa mdoli kwenye yale masanduku ya michezo. Hakuna anayemshika mama mkono. Hakuna anayemwambia pumua. Nimepokea watoto miaka 31, wa usiku umeme umekatika, wa mvua mkunga mwenzangu hajafika, nikaiangalia mashine ile nikasema lahaula.

Kuhusu udaktari wake: asilinganishe. Ila ukitaka kumsaidia, muulize ni kwa nini alimpima mgonjwa huyu na hakukisia. Akikujibu vizuri, mnunulie daftari la biolojia. Akikujibu "basi tu", mwache acheze.

Swali
Habari Shangazi. Naandika kutoka Nakuru. Mimi niliruka mambo ya hospitali, nikafungua duka la mikate na keki kwenye Get to Work. Siku ya kwanza hasara. Ya pili hasara. Wateja wanaingia, wanazunguka, wanatoka. Mfanyakazi niliyemwajiri anapiga soga. Nifanye nini? Nakaribia kuuza.

Jibu
Nzuri, mwanangu. Usiuze. Umeingia mlango ulio bora kwenye kifurushi chote, na nashangaa wengi wanaupita kwenda kukimbizana na wezi. Hospitali niliimaliza kwa wiki mbili. Duka ninalo mpaka leo.

Anza na mteja. Akiingia, ana kipimo kinachoonyesha hamu yake ya kununua. Hakijai chenyewe. Mwendee, msalimie, jibu maswali yake, msifie alichokishika. Usimwandame mmoja kwa kumsukuma anunue, anakereka na kipimo kinarudi nyuma. Kikijaa, acha kila kitu ukampokee pesa hapohapo. Mimi wawili watatu wa mwanzo waliondoka hamu imejaa, kisa nilikuwa jikoni natazama tanuri.

Sasa hesabu. Mteja wa keki na mteja wa mchoro wa ukutani wanakula muda wako sawasawa. Kumbembeleza ni kulekule, kumpokea pesa ni kulekule, lakini mmoja anakuachia hela ya chumvi na mwingine hela ya kodi. Duka la keki tupu ni gumu hapo tu. Usifunge tanuri, ila tenga ukuta mmoja, mwambie mtu wako achore usiku, utundike michoro yake na uiwekee bei. Turubai ni rahisi, na kadiri mkono wake unavyokuwa mwepesi ndivyo mchoro unavyopanda thamani. Faida unayoongeza juu ya bei unaichagua mwenyewe. Anza na ndogo mpaka duka lizoeleke.

Huyo wa soga usimfukuze bado. Tazama kwanza uwezo wake. Wengine wanajua kuuza, wengine kusafisha na kupanga bidhaa, na wengine wana bidii tu. Mpe kazi moja maalumu badala ya kumwacha achague, na umsifie akifanya. Akiendelea na soga, basi tena. Na kumbuka mshahara unahesabiwa duka likiwa wazi. Hakuna sheria ya kufungua kutwa. Geuza kibao cha mlangoni wateja wakiwepo, wakipungua funga uende ukalale. Mimi nafungua kwa muda wa saa tano au sita tu.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho kilinigusa. Bidhaa ikiuzwa, pale ilipokaa panabaki kibao kitupu. Ukikibonyeza, unalipia bidhaa mpya kutoka mfuko wa duka, nao ni mfuko mbali na wa nyumbani. Unaona kabisa pengo, na unaona bei ya kuliziba. Mwaka niliostaafu nilifungua genge mlangoni, nyanya, vitunguu, sabuni, mafuta ya kupima. Nyanya zikiisha, hela yake niliiona imekaa kwenye kikopo, nikanunulia samaki. Hapakuwa na kibao cha kuniambia kwamba hiyo siyo hela ya samaki. Kilichobaki walikimaliza majirani. "Bibi, niandikie." Naandika. Mwisho wa mwezi daftari limejaa na meza nyeupe. Genge lilidumu miezi minane.

Kwenye gemu hakuna mteja wa niandikie. Anayeingia ana hela au anatoka. Ndiyo sababu duka lile linasimama hata mikononi mwangu.

Kama unataka duka la nyumbani hasa, sebuleni kwako, kipo kifurushi kipya zaidi, Businesses & Hobbies cha Machi 2025, kinachokuruhusu kuendesha biashara ndogo hapohapo unapoishi, kina ufinyanzi na uchoraji wa tatuu. Wenye umri wangu wanakumbuka raha ya Open for Business ya 2006, kwenye The Sims 2, na wanasema tumerudi mulemule. Lakini usikimbilie kununua kingine wakati hiki hujakimudu. Tundika michoro mitatu, funga mapema, hela ya duka iache dukani. Ukipata siku tatu mfululizo bila hasara, niandikie. Hapa kwangu neno hilo linaruhusiwa.