Umegongwa kwa nyuma? Usisaini chochote hapo barabarani

Mkuu, weka hiyo kalamu chini kwanza.

Unasema jamaa aliyekugonga kwa nyuma ni muungwana, ameomba radhi, kesho anakuletea hela ya bampa, ila anataka mwandikishane kwamba mmemalizana. Unauliza ukubali au la, uandae nyaraka gani, na kama bima yako kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, inalipia gari la kutumia wakati lako liko gereji. Haya. Wangu mimi alikuwa muungwana kuliko huyo wako. Alishuka na chupa ya maji akanipa mimi niliyegongwa! Ningekuwa na akili ningeshtuka palepale.

Tulilizunguka gari pamoja. Bampa lina mkwaruzo, taa moja ina ufa, basi. Nikampigia wakala aliyeniuzia bima, maana si ndiye mtaalamu? Akanijibu huku anatafuna kitu: "Hicho kidogo, malizaneni wenyewe. Ukidai bima utapoteza punguzo lako la ada ya mwaka ujao." Tukachana karatasi ya daftari, tukaandika kwamba amenilipa na hakuna anayemdai mwenzake chochote kutokana na ajali hii. Nikasaini. Mwandiko niliutengeneza, na namba ya kitambulisho nikaweka bila kuombwa. Nilijiona wakili.

Siku tatu baadaye niko kwa fundi. Sikia, mabampa ya plastiki yanabonyea halafu yanarudi kama hayajaguswa. Fundi alipolifungua, chuma cha ndani kimepinda, sakafu ya buti imejikunja, na chesisi upande mmoja imesogea. Ndiyo maana mlango wa buti ulikuwa unagoma kufunga, na mimi nikadhani ni vumbi. Hela ya yule muungwana haikufika hata robo ya kazi. Nikampigia. Akanijibu kwa upole uleule wa chupa ya maji: "Bosi, si tuliandikishana?" Na kweli tuliandikishana.

Nikasema potelea mbali, bima kubwa ninayo. Nikajaza fomu ya madai, nikafika kwenye swali: je, umefanya makubaliano yoyote na mhusika mwingine? Nikaeleza ukweli, maana ukidanganya kwenye ile fomu na wakigundua, madai yote yanakufa. Jibu lilikuja la aya mbili. Wamekataa.

Nililaani wiki nzima mpaka mtu akaniketisha akanielewesha. Kampuni ya bima ikikulipa, inachukua nafasi yako na kwenda kumdai aliyekugonga, au bima yake, irudishe hela yake. Haki hiyo inatoka kwako. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba simdai yule bwana chochote, kwa hiyo kampuni ingesimama kwa haki ipi? Nilimsamehe kwa niaba yao bila kuwauliza. Na katika mkataba, kwenye masharti ya baada ya ajali, imeandikwa wazi: usikiri kosa, usiahidi malipo, usipatane na mtu bila ridhaa yao ya maandishi. Mkataba huo ulikuwa kwenye dashibodi, kwenye bahasha ambayo sikuwahi kuichana.

Wakala nilimrudia. Hakumbuki simu ile. Ya kunikumbusha kulipia upya hajawahi kuisahau hata siku moja, lakini ile hakumbuki! Na ushauri wenyewe ulikuwa mbovu, kwa sababu kutoa taarifa na kudai ni vitu viwili. Unaweza kuwataarifu kwamba umegongwa, gari likafunguliwa na kukaguliwa, ndipo ukaamua kama udai au uachane nayo. Nililinda punguzo la ada ya mwaka mmoja kwa bei ya kunyoosha gari zima. Hesabu sikufeli shuleni, naapa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hapo barabarani andika kila kitu, usisaini kitu. Namba ya gari lake, jina, simu, kampuni yake ya bima na namba ya bima yenyewe, mashahidi. Piga picha za magari yakiwa bado hayajasogezwa, kama hayahatarishi watu, na picha za barabara pande zote mbili. Ita trafiki wapime ajali hata kama jamaa anasema ya nini kusumbuana, kwa sababu bima yake nayo itataka ripoti hiyo, na bila ripoti kesho anaweza kusema ulirudi nyuma ukamgonga wewe. Nayaona hayo. Halafu taarifu kampuni yako siku hiyohiyo, moja kwa moja, kwa maandishi, usipitie kwa mtu anayetafuna.

Na usimruhusu fundi aguse kitu kabla mkadiriaji wa bima hajaliona gari. Hilo ni kosa la binamu yangu, tena yeye alikuwa ameshacheka langu.

Shingo je? Hujasema. Maumivu ya kugongwa kwa nyuma yanaweza kujitokeza kesho yake au keshokutwa, na karatasi ya "tumemalizana" inaweza kufunga mpaka dai la matibabu. Nenda ukapimwe, tunza risiti.

Nyaraka ni leseni, kadi ya gari, ripoti ya polisi, fomu, picha. Lile la gari la kutumia wakati lako liko gereji, wadau watakujazia.

Jamaa akija kesho na karatasi yake, mwambie mkataba wako wa bima unakukataza kusaini, azungumze nao. Hutakuwa umemdanganya. Kama nia yake ni njema atakupa namba yake ya bima bila kununa. Halafu rudi hapa utuambie kama amekuja na kalamu yake mwenyewe. Wangu alikuja nazo mbili.