Kuhusu kulipia CHF au kusubiri bima ya afya kwa wote

Dada yangu wa Ngamiani, umeuliza kama mlipe shilingi 30,000 za CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, au msubiri bima ya afya kwa wote, kwa kuwa mumeo ni mvuvi asiye na mshahara na mna watoto watano. Naomba msisubiri. Sheria ya mwaka 2023 ya bima hiyo ya wote naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mtoto akishikwa na homa usiku, hawezi kungoja utekelezaji ukamilike.

Ugumu uko kwenye idadi, maana kadi hiyo huhudumia watu sita kwa mwaka, nanyi ni saba. Kwa kuwa kitindamimba wenu ana miaka miwili, na sera ya nchi inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama katika vituo vya umma, waandikisheni wote isipokuwa yeye. Usikubali kumwacha nje yule mkubwa kwa sababu tu hajawahi kulazwa.

Anzieni zahanati na mfuate rufaa, badala ya kukimbilia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, moja kwa moja.

Linaloniuma ni dawa. Mwaka jana nilikaa foleni tangu alfajiri katika kituo kimoja, kadi mkononi, nikaandikiwa dawa ambazo hazikuwapo dirishani, nikazinunua duka la nje kwa fedha ya chakula. Kwa hiyo, kila mumeo anaporudi na samaki, tengeni fedha kidogo za dawa, mbali kabisa na mtaji wako wa maandazi.