Ukipanda kwa Mata Vaishno Devi, jua kwanza unakwenda kuona nini

Nilipanda mlima usiku kucha, nikapanga foleni hadi kukapambazuka, nikaingia pangoni, nikatoka bila kukiona nilichokifuata. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayejiandaa kwenda.

Nilikuwa nasoma Jalandhar, Punjab, India. Mwenzangu wa darasani alikuwa anamsindikiza mama yake kuhiji kwa Mata Vaishno Devi, mungu wa kike wa Wahindu anayeabudiwa pangoni kwenye milima ya Trikuta, Jammu, akaniomba tufuatane. Mimi si Mhindu, na njia nzima hakuna aliyeniuliza dini yangu. Watu walinisalimu "Jai Mata Di", yaani ushindi kwa Mama Mungu, kama walivyosalimiana wenyewe, nami nikaitikia vilevile.

Safari huanzia Katra, mji ulio chini ya mlima. Treni inafika hapo hapo tangu 2014. Jiandikishe mjini, upewe kadi ya safari. Bila kadi unarudishwa. Mgeni, beba pasipoti yenyewe.

Kutoka Katra hadi Bhawan, kwenye pango, ni kilomita 12 hivi za kupanda. Njia imesakafiwa, taa zinawaka usiku kucha, na vipande vingi vimeezekwa mabati. Cha kuangalia sana ni farasi na nyumbu wanaobeba watu: wanateremka kwa kasi na njia ni ile ile. Ukisikia kwato, sogea upande wa mlima, usikimbilie upande wa bonde. Kama wanakutia hofu, pita njia ya Tarakote iliyofunguliwa 2018, huko hawaruhusiwi.

Mama tulimwomba apande palki, kile kiti kinachobebwa na watu wanne, akakataa. Alitembea peku. Kila tulipopumzika nilikuwa naziona nyayo zake, zimepasuka na kujaa vumbi, naye anazifuta kwa ncha ya sari kisha anasimama tena. Ardhkuwari, karibu nusu ya njia, ndipo tulipokula wali na maharage mekundu. Nilikaribia kulia kwa kukumbuka nyumbani. Wanasema mungu huyo wa kike alijificha hapo miezi 9 alipokuwa akikimbizwa na Bhairon, adui yake katika hadithi.

Sasa pango. Simu, mkanda wa ngozi, begi, vyote unaviacha kwenye makabati kabla ya kuingia. Ukifika mbele unapata sekunde chache tu, kisha unasogezwa ili wengine wapite. Mimi nilikuwa natafuta sanamu. Macho yangu yakaenda kwenye maua na mapambo yanayong'aa, na kabla sijatulia, nimeshatoka nje.

Kwenye kibanda cha chai Mama akaniuliza, "Beta, umewaona?" Beta ni mwanangu. Nikamwambia ukweli. Akafungua mfuko wa prasad, vyakula vilivyobarikiwa hekaluni, akatoa vipunje vitatu vya sukari, akavipanga kwenye kisahani na kuvitaja kwa majina ya miungu watatu wa kike: Kali, Lakshmi, Saraswati. Kwenye pango lile kinachoabudiwa ni pindi, vichwa vitatu vya mwamba wa asili vilivyoinuka kutoka kwenye jiwe moja. Hakuna aliyevichonga. Kwa hiyo ukiingia, shusha macho kwenye mwamba, mapambo yaache.

Baada ya hapo usiharakishe kushuka. Hadithi inasema Bhairon aliuawa kwenye mlango wa pango, kichwa kikaangukia kilele cha juu zaidi, na hapo pana hekalu lake. Alipotubu, Mata akamwahidi kwamba hija haitatimia mpaka mtu afike na kwake. Kuna magari ya kamba ya kwenda huko kutoka Bhawan tangu Desemba 2018. Magoti yako yatashukuru, maana kuteremka ndiko kunakoyaumiza kuliko kupanda. Nunua fimbo Katra.

Juu ya wakati wa kwenda nasema kwa uzito. Mvua za Julai na Agosti ziepuke: Agosti 2025 maporomoko karibu na Ardhkuwari yaliua mahujaji zaidi ya 30. Mkesha wa mwaka mpya nao uepuke. Tarehe 1 Januari 2022 watu 12 walikufa kwenye msongamano huko juu. Navratri, sikukuu ya siku tisa ya mungu wa kike, mara mbili kwa mwaka, ni nzuri kwa anayependa shangwe, lakini foleni ni ya saa nyingi.

Mimi nilirudi mwaka uliofuata, Februari, nimevaa masweta mawili na kofia ya sufu. Foleni ilikuwa fupi. Nilishusha macho mapema, nikayaona mawe matatu, la katikati nikalitaja kimoyomoyo kwa jina alilonifundisha Mama.